Kwa Nini Twawalilia Watu wa Michezo: Kutoka Grace Mpaka Tunu

Natumaini kalamu zenu ziko tayari na taa imewashwa. Waliosikiliza somo hili redioni wamekwisha kuyasikia maneno haya mara moja. Sasa yasomeni wenyewe, polepole, mstari kwa mstari. Mkikutana na neno gumu, tazameni mwisho wa somo. Maana yake imeandikwa huko.

Somo la leo ni la historia. Mara nyingi tukisema historia, watu hufikiri habari za vita, za wafalme na za mipaka. Lakini mambo ya nyumbani nayo yana historia yake. Leo tutasoma historia ya jambo moja la nyumbani: jinsi watu wanavyowapenda na kuwalilia mabwana na mabibi wa michezo ya redio na televisheni, watu ambao hawakupata kuzaliwa wala hawatazikwa.

1. Barua ya Bashay

Jambo hili lilinijia hivi. Katika safari zangu za kutazama madarasa ya watu wazima, nilifika Bashay, huko Mbulu. Wengine wenu mwapajua: baridi ya jioni, mashamba ya mahindi na maharage, ng'ombe wakirudi nyumbani. Darasa hukutana jioni, kazi za shamba zikiisha.

Mwalimu alikuwa amewapa wanafunzi wake zoezi la kuandika barua. Ilikuwa barua ya kwanza ambayo kila mmoja angeiandika kwa mkono wake mwenyewe, bila kumwomba mtoto wa shule amwandikie. Mwalimu hakusema barua iandikwe kwa nani. Mzee mmoja alimwandikia mwanawe aliyeko Arusha. Mwingine aliwaandikia viongozi wa kijiji habari za maji. Lakini mama mmoja, ambaye ana wajukuu tayari, alimwandikia bibi mmoja wa tamthilia. Tamthilia hiyo huitazama kwa jirani mwenye sola na king'amuzi. Kwa mistari sita ya herufi kubwa alimwonya yule bibi kwamba mumewe anamdanganya, tena kwamba kijana wa kwanza, yule maskini, ndiye aliyempenda kweli. Mwisho akampa salamu za watu wa nyumbani kwake.

Barua iliposomwa, darasa zima lilicheka. Mtu mmoja alimwuliza ataipeleka posta gani. Jioni iliyofuata yule mama hakuja. Wiki ya pili pia hakuja.

Nami naungama mbele yenu: niliposimuliwa habari hii, nilicheka. Halafu nikaona haya. Nilikumbuka kwamba nilipokuwa mtoto, saa ya mchezo wa Twende na Wakati ikifika, mama yangu alikuwa akitunyamazisha sote. Mama si mtu wa kulia ovyo. Hata hivyo nilimwona akimlilia Tunu, mke wa Mkwaju, kama mtu aliaye kwa ajili ya mdogo wake. Wala hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kumcheka.

Basi, somo hili ni deni langu kwa yule mama wa Bashay. Swali lake ni hili: Je, kuwapenda watu wa michezo ni upumbavu? Tutaanza mbali, kisha tutarudi kwetu hatua kwa hatua.

2. Grace wa Uingereza

Wako watu wasemao kwamba mambo haya yameletwa na televisheni, na kwamba watu wa zamani walikuwa na akili zaidi. Tutazame kama ni kweli.

Tarehe 1 Januari 1951 shirika la utangazaji la Uingereza, yaani BBC, lilianza kutangaza kwa nchi nzima mchezo wa redio uitwao The Archers. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, lakini chakula kilikuwa bado cha mgao, na wakulima walitakiwa kuzalisha zaidi. Mchezo ulieleza maisha ya jamaa mmoja wa wakulima katika kijiji cha Ambridge. Kijiji hicho hakipo, kilibuniwa tu. Ndani ya mazungumzo ya jamaa hao watengenezaji walitia mashauri ya kilimo na mifugo. Mkulima alifungua redio apate kusikia habari za wachumba, na papo hapo akajifunza habari za mbegu na ng'ombe.

Katika jamaa hao alikuwamo kijana aitwaye Phil, naye alimpenda msichana aitwaye Grace. Uchumba wao ulikuwa na vikwazo vingi, na wasikilizaji waliufuata jioni kwa jioni. Mwaka 1955, Jumatatu ya Pasaka, wakafunga ndoa. Watu wakafurahi. Lakini usiku wa tarehe 22 Septemba mwaka uo huo banda la farasi lilishika moto. Grace akaingia motoni kumwokoa farasi, naye akafa.

Watu wapatao milioni 20 walikuwa wakisikiliza. Simu zikamiminika BBC, na baada ya simu zikafuata barua. Wengine walilia, wengine walikasirika. Kumbuka, msomaji, hawa walikuwa watu waliosoma, wenye magazeti na maktaba, na hakukuwa na picha hata moja ya kutazama. Ilikuwa sauti tu.

Lakini liko jambo la pili katika habari hii, nalo ndilo nataka mlitie moyoni. Usiku ule ule wa tarehe 22 Septemba 1955, televisheni ya kwanza ya biashara nchini Uingereza, ITV, ilianza kazi mjini London. Ilikuwa mshindani mpya wa BBC. Kesho yake watu walikuwa wakizungumza habari za Grace. Bila shaka mmefahamu. Kifo cha Grace kiliandikwa na mtu kwenye karatasi, na siku ya kifo hicho ilichaguliwa. Machozi yalikuwa ya kweli, na mkono ulioyaleta machozi hayo ulikuwa na shabaha yake.

3. Raj na Rita katika majumba yetu ya sinema

Sasa tuje Afrika Mashariki. Miaka ile ile ya 1950 televisheni ilikuwa haijafika kwetu, lakini majumba ya sinema yalikuwapo Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga na miji mingine. Picha za Kihindi zilipendwa sana, na mojawapo iliyopendwa kupita nyingi ni Awara, iliyotoka mwaka 1951. Ndani yake yumo Raj, kijana maskini aliyeingizwa katika wizi, na Rita, msichana mwanasheria aliyesimama kumtetea mbele ya mahakama. Raj aliigizwa na Raj Kapoor, na Rita aliigizwa na Nargis.

Wengi wa watazamaji hawakujua Kihindi. Hata hivyo walirudi kuitazama tena na tena. Mwanahistoria Laura Fair alizungumza na wazee wa Zanzibar waliokuwa vijana siku zile, nao walikumbuka mazungumzo yaliyofuata watu walipotoka sinema. Vijana walibishana: Je, mtu aoe kwa mapenzi yake, au kwa shauri la wazazi wake? Je, mapenzi yaweza kuvuka tofauti ya tajiri na maskini? Hayo yalikuwa mambo magumu kuyatamka mbele ya baba na mama. Lakini kusema habari za Raj na Rita hakukuwa kukosa adabu. Kijana aliweza kuuliza swali lake kwa kupitia kinywa cha Raj.

Lishikeni jambo hili. Tutalihitaji tutakaporudi Bashay.

4. Urafiki wa upande mmoja

Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika makala juu ya mambo haya. Walisema kwamba mtu anayemsikia au kumwona mtu fulani mara kwa mara redioni na kwenye televisheni huanza kumwona kama rafiki. Hujua sauti yake, tabia yake na huzuni yake. Humngojea kama angojeavyo mgeni wa nyumbani. Tofauti ni moja tu: yule mwingine hamjui.

Sisi twaweza kuuita urafiki wa upande mmoja. Moyo wa binadamu umezoea kwamba sauti inayosikika nyumbani kila jioni ni sauti ya ndugu au ya jirani. Redio imekuja juzi tu. Moyo haujajifunza kutenga sauti ya jirani na sauti ya sandukuni. Kwa hiyo mtu aliaye hana kichaa. Akili yake yajua kwamba ni mchezo; moyo wake unafanya kazi yake ya siku zote.

Na bibi zetu walipotusimulia hadithi kando ya moto, je, hatukumwogopea msichana aliyechukuliwa na zimwi? Tulimwogopea. Lakini hadithi ya bibi ilikwisha usiku ule ule, nasi tukaenda kulala. Mchezo wa redio na tamthilia haviishi usiku ule. Hukatika mahali penye hofu, nawe wangoja mpaka kesho. Hapo ndipo shauku inapoota mizizi.

5. Harusi ya Lima

Sasa naomba msikilize vizuri, kwa maana habari hii inawahusu wanafunzi wa watu wazima hasa.

Peru ni nchi ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1969 televisheni ya huko ilianza kuonyesha tamthilia iitwayo Simplemente María, maana yake ni kama kusema "Maria tu". María alikuwa msichana wa shamba aliyekwenda mjini Lima kutafuta kazi ya utumishi wa nyumbani. Kijana mmoja wa kitajiri alimpa mimba, kisha akamwacha. María hakukata tamaa. Jioni, kazi zikiisha, alikwenda darasa la watu wazima kujifunza kusoma na kuandika. Akajifunza pia kushona kwa cherehani, na mwisho akawa mshonaji mashuhuri.

Mwalimu wa darasa lile aliitwa Esteban. Alimpenda María kwa miaka mingi, kwa subira na bila kusema. Watazamaji waliona mapenzi yake kabla María hajayaona, nao waliteseka pamoja naye.

Siku ilipofika ya kupiga picha za harusi ya María na Esteban kanisani Lima, watu wapatao 10,000 walikusanyika nje. Walivaa nguo zao nzuri, na wengine walileta zawadi za arusi. Bibi arusi alikuwa mwigizaji Saby Kamalich, na bwana arusi alikuwa mwigizaji Ricardo Blume, wakifanya kazi yao ya kila siku. Lakini watu waliokuja walikuwa wamekuja harusini.

Baada ya hapo yalionekana mambo mawili. La kwanza, watumishi wengi wa nyumbani walijiandikisha katika madarasa ya kusoma na kuandika, na katika madarasa ya ushonaji. La pili, kampuni ya Singer iliuza cherehani nyingi kuliko zamani, kwa sababu cherehani ya María ilikuwa Singer. Mapenzi yale yale ya watazamaji yalileta elimu kwa hawa na faida kwa wale. Upendo wa watu ni kama maji ya mfereji: huenda yanakoelekezwa.

6. Mtu aliyetazama na kujifunza

Huko Mexico alikuwako mtengenezaji wa michezo aitwaye Miguel Sabido. Aliitazama habari ya María kwa makini. Akajiuliza: ikiwa mapenzi ya watu kwa María na Esteban yaliwapeleka darasani bila mwandishi kukusudia, itakuwaje mwandishi akikusudia?

Mwaka 1975 akatengeneza tamthilia iitwayo Ven Conmigo, yaani "Njoo Nami", juu ya watu wazima wanaojifunza kusoma. Siku moja watazamaji waliambiwa mahali pa kupata vitabu vya masomo mjini Mexico. Kesho yake walifika watu wapatao 25,000, na magari yakashindwa kupita barabarani. Mwaka 1977 akatengeneza nyingine, Acompáñame, juu ya mabwana na mabibi na shauri la kupanga uzazi.

Njia yake ilikuwa hii. Mchezo uwe na watu wa namna tatu. Wako wema, wako wabaya, na wako watu wa kati, ambao wanasitasita kama sisi. Mtazamaji humpenda mtu wa kati, huanguka naye na huinuka naye.

Njia hii ikasafiri. Ilifika India mwaka 1984. Ilifika Kenya mwaka 1987 kwa mchezo wa televisheni wa Tushauriane na mchezo wa redio wa Ushikwapo Shikamana. Kisha ikafika kwetu Tanzania.

7. Mkwaju na Tunu

Mwezi wa Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Siku zile UKIMWI ulikuwa ukiua watu wengi, na watu waliona haya kuutaja hata kwa jina.

Mkwaju alikuwa dereva wa lori. Alikuwa na mwanamke huku na mwanamke kule, kila kituo cha njiani. Tunu, mkewe, alikaa nyumbani na watoto, akivumilia. Walikuwamo pia watu wa kati, kama Fundi Mitindo, mshona nguo, na mkewe Mama Waridi. Lakini waliokamata mioyo ya watu ni Mkwaju na Tunu. Tunu aliinuka kidogo kidogo. Akaanza biashara ndogo, akapata fedha yake mwenyewe, mwisho akaondoka kwa Mkwaju. Kwa kuondoka huko akaepuka maradhi. Mkwaju akaambukizwa UKIMWI.

Sasa fikirini hali ya nyumba nyingi za siku zile. Mke hakuweza kumwambia mumewe, "Naogopa safari zako." Lakini aliweza kusema, "Umesikia alivyofanya Mkwaju jana?" Jina la Mkwaju likawa jina la kumwita mwanamume mwenye tabia ile. Mazungumzo ambayo hayakuwa na mlango yakapata mlango.

Je, twajuaje kwamba mchezo ulisaidia? Wataalamu walipima. Kuanzia mwaka 1993 mpaka 1995 mchezo ulitangazwa sehemu nyingi za nchi, lakini kituo cha Dodoma hakikuutangaza. Saa hiyo kilitangaza vipindi vingine. Basi watafiti, akiwamo Everett Rogers wa Marekani, waliwauliza watu wa sehemu zote mbili mwaka hata mwaka na kulinganisha majibu. Mahali uliposikika, watu wengi zaidi walianza kupanga uzazi, na watu walipunguza idadi ya wapenzi, kupita ilivyokuwa Dodoma. Mwaka 1995 mchezo ulipoanza kutangazwa Dodoma, huko nako mabadiliko yakaonekana.

Kwa hiyo, msomaji, machozi ya mama yangu hayakupotea bure. Wako watu walio hai kwa sababu walimhurumia Tunu.

8. Sola, king'amuzi na mume asiyepalilia

Televisheni ilianza Zanzibar mapema, miaka ya 1970. Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Kwa muda mrefu ilikuwa kitu cha mjini. Kijijini watu walilipa kiingilio katika kibanda umiza, wakabanana kwenye mabenchi. Kisha zikaja sola na ving'amuzi, na tamthilia zikaingia mpaka nyumba za Bashay.

Tena zilikuja zikisema lugha yetu. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilikuwa habari ya Mao Doudou, msichana aliyeolewa na Yu Wei, akajikuta ana mama wakwe wawili, kwa kuwa wazazi wa mumewe walikuwa wameachana. China iko mbali, lakini taabu ya mama mkwe yajulikana kila mahali. Mwezi wa Machi 2013 rais wa China, Xi Jinping, alipohutubia Dar es Salaam, aliitaja tamthilia hiyo. Rais wa nchi kubwa hawezi kuitaja tamthilia mbele ya wakuu wa nchi nyingine ikiwa haina nguvu. Hadithi ya mke na mume huijenga picha ya nchi nzima.

Hapa lazima niseme na upande wa pili, nisije nikawadanganya. Bwana mmoja wa Bashay aliniambia, "Mwalimu, mimi nashindana na mtu asiyepalilia." Nilimwuliza maana yake. Akasema mkewe humtazama mume wa tamthilia, kisha humtazama yeye akirudi kutoka shambani na matope miguuni, na uso wake hubadilika.

Bwana huyu alisema kweli. Mume wa tamthilia huonekana kwa muda mfupi, amevaa vizuri, na maneno yake yameandikwa na mtu aliyelipwa. Hauguliwi na ng'ombe. Hadaiwi ada ya shule. Mke wa tamthilia naye hapiki kwa kuni mbichi, wala hachoti maji. Kumpima mwenzako kwa kipimo hicho ni kumdhulumu, na dhuluma hiyo yaweza kuvunja nyumba yenye watoto. Hali kadhalika, yuko mtu anayejua habari zote za wapenzi wa tamthilia, lakini hajui kwamba mtoto wake hajaenda shule tangu Jumatatu.

9. Tufanye nini?

Je, tuzime redio na televisheni? Sidhani. Nchi yetu ina njia yake, nayo ni ya zamani. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza pamoja, wakasoma kitabu pamoja, kisha wakazima redio na kuzungumza: Hili linatuhusu? Tutafanya nini? Wakatoka wakachimba vyoo na kusafisha mazingira ya visima. Nguvu yake ilikuwa katika yale mazungumzo ya baadaye.

Basi na tamthilia tuitendee vivyo hivyo. Ikiisha, tuulizane maswali matatu. La kwanza: Nani aliiandika, naye anataka nini kwangu? Yawezekana anataka nipime afya, au anataka ninunue cherehani yake, au anataka tu nisiondoke mpaka matangazo yapite. La pili: Ni jambo gani la kweli limenigusa? La tatu: Jambo hilo liko kwa nani katika nyumba yangu au ukoo wangu?

Swali hili la tatu sikulipata kitabuni. Nilifundishwa na yule mama.

Nilikwenda kumwona kwake kabla sijaondoka Bashay. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda, akaendelea kupeta maharage. Nikamwomba radhi kwa ajili ya kicheko. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mimi najua kwamba yule hayupo. Wamecheka wakidhani sijui."

Nikamwuliza, "Basi kwa nini ulimwandikia, mama?"

Akasema, "Ninaye binti ameolewa Babati. Huyu wa televisheni ni rahisi kumwambia."

Sikupata la kumjibu. Nilisaidia kuchagua mawe katika maharage mpaka giza likaingia.

Wanafunzi wapenzi, mtu akimwandikia asiyekuwapo, huenda yuko aliyepo ambaye barua hiyo inamstahili. Vijana wa Zanzibar walisema na wazazi wao kwa kinywa cha Raj. Wake wa madereva walisema na waume zao kwa jina la Mkwaju. Na mama wa Bashay, kwa herufi alizojifunza miezi michache tu, alikuwa akisema na mwanawe. Mstari wa kwanza wa barua ile una jina la mtu mwingine. Mistari mitano iliyobaki haina haja ya kubadilishwa.

Mama, kama unasikiliza au kama unasomewa haya, nafasi yako darasani ipo, na mwalimu ameitunza kalamu yako. Nanyi wanafunzi wa darasa lile, akirudi, msogeeni apate kukaa karibu na taa.

Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maneno magumu

Tamthilia: mchezo wa kuigiza unaoonyeshwa kwa sehemu, leo kidogo na kesho kidogo.
King'amuzi: chombo kinachopokea matangazo na kuyapeleka kwenye televisheni.
Kubuni: kutunga kwa akili kitu ambacho hakipo.
Mgao: chakula au kitu kinachotolewa kwa kipimo kwa sababu hakitoshi.
Shabaha: jambo ambalo mtu amekusudia kulifikia.
Mtafiti: mtu anayechunguza jambo kwa kuuliza, kupima na kulinganisha.
Kupeta: kurusharusha nafaka katika ungo ili makapi yatoke.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini watu wa Uingereza waliwalilia wakulima wa Ambridge, ambao hawakupata kuwaona?
2. Watu 10,000 walikwenda kwenye harusi ya María. Kama ungekuwa Lima, ungekwenda? Eleza sababu.
3. Watafiti walijuaje kwamba mchezo wa Twende na Wakati uliwabadilisha watu? Dodoma ilisaidia namna gani?
4. Mume aliyesema anashindana na mtu asiyepalilia alikuwa na haki ya kulalamika? Mabwana na mabibi wajibu kwa zamu.

Zoezi la kuandika

Mwandikie barua mtu mmoja wa mchezo au wa tamthilia unayoipenda. Andika mistari sita. Ukimaliza, ikunje uiweke usiku mmoja. Kesho yake isome tena peke yako, ujiulize kama yuko mtu aliye hai anayepaswa kuipata. Hutalazimishwa kuisoma mbele ya darasa.